Daktari Alipokataa Kumngoja Baba Mkubwa

Siku ile naikumbuka bado, mwanangu, na bado inaniudhi. Bwanangu Kibet alikuwa akilima katika shamba la Mzungu, upande wa Cheptiret, ng'ombe wa plau akampiga teke la tumbo. Akainuka, akacheka, akaendelea kulima. Ndivyo walivyo wanaume! Kufika saa sita tumbo lilikuwa limevimba, midomo imepauka kama majivu.

Tukampakia kwenye lori ya mahindi mpaka Sisibo, ndivyo tulivyouita mji wa Eldoret siku zile. Daktari, Mzungu mmoja mfupi, alimbonyeza tumbo, akamshika mkono kusikiliza mapigo, akasema kupitia dresa, msaidizi wake: "Nadhani damu inavuja ndani. Nampasua sasa hivi."

Basi, shemeji zangu wakaanza baraza! Mmoja akasema, "Tumngoje baba mkubwa atoke Chepsaita." Mwingine, "Haraka haraka haina baraka." Wa tatu akaomba viti. Viti, mwanangu! Mtu anakufa, wao wanatafuta pa kukaa.

"Una hakika ni damu?" shemeji mkubwa akauliza.

"Sina," daktari akajibu. "Nikipasua nisikute kitu, nitamshona na kumwomba radhi. Nikingoja, na kumbe damu iko, nitamwomba radhi nani?"

Daktari akanigeukia. "Wewe ndiye mke? Unasemaje?"

Nilikuwa mgeni katika boma lile, hata mtoto sina. "Mpasue," nikasema.

"Mwanamke hana neno hapa!" shemeji akafoka. Lakini machela ilikuwa imeshasukumwa.

Bandama ilikuwa imepasuka. Daktari akaitoa. Baba mkubwa alifika kesho yake jioni, akamkuta Kibet akilalamikia kiu. Naye akalalamika kwamba hakungojwa. Kibet mwenyewe alinung'unikia lile kovu mpaka uzeeni. Shukrani ya punda!

Wahenga walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mbona hiyo hamuikumbuki? Jambo likikukaba, mwanangu, usingoje hakika ambayo haiji. Jiulize: nikikosea huku, nitaweza kurekebisha? Na nikikosea kule? Ukishajua kosa lipi lina dawa, inuka utende, wenye viti wabaki na viti vyao.

Mungu akupe moyo mtulivu katika msukosuko. Na siku utakayolala wewe, hujiwezi, asikukoseshe mtu wa kusema neno.