Usukani wa Sista Philomena

Sista Philomena alikuwa mkunga wa zahanati ya Nyansurura, na kabla ya Operesheni Vijiji watu wa huko walimtambua kwa baiskeli yake hata kabla hajafika karibu. Ilikuwa baiskeli ya safari ndefu, nyembamba, rangi ya samli. Aliachiwa na daktari mmoja wa Kizungu aliyerudi kwao mkataba wake ulipokwisha. Usukani wake haukufanana na wa baiskeli nyingine wilayani. Ulitoka mbele, ukajikunja kwenda chini na kurudi nyuma kama pembe za kondoo dume. Aliyeiendesha ilimbidi ailalie kifua chini, halafu ainue uso kama kobe ili aione njia.

Watu walicheka mara ya kwanza walipomwona, mwanamke mzima kalala juu ya vyuma, kanga imefungwa juu ya suruali ya kaki. Baadaye hawakucheka tena. Baiskeli ile ilikuwa na gia, ilipanda vilima ambavyo wengine walisukuma, na mwanamke aliyeshikwa na uchungu mbali alijua kwamba akituma mtu asubuhi, Sista atafika kabla jua halijawa kali.

Mwaka sabini na nne malori yalikuja. Watu waliokuwa wametawanyika, kila mji na zizi lake, waliambiwa wahamie kijijini, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba kando ya barabara. Zahanati nayo ilibomolewa ili ikajengwe huko. Philomena alipanda juu ya lori pamoja na mabati, nguzo na sanduku la dawa. Walipokuwa wakivuka mto mkavu, gurudumu la nyuma lilidumbukia shimoni, mzigo ukateleza, na nguzo moja ikamgonga kisogoni. Baiskeli, iliyokuwa imefungwa ubavuni mwa lori, haikupata hata mkwaruzo.

Alilala majuma kadhaa nyumbani kwa kaka yake. Alipoamka aliweza kutembea, kufanya kazi, kugeuza kichwa kidogo huku na huku, na kutazama chini. Kilichomshinda ni kutazama juu. Shingo ilikuwa kama mlango uliovimba kwa mvua, ilifunguka kidogo tu ikagoma.

Asubuhi moja alijaribu kuendesha. Aliona tairi la mbele na kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa mkeka, basi. Njia yenyewe hakuiona. Hakuliona hata korongo mpaka alipokuwa ndani yake. Alijifuta damu magotini, akaisukuma baiskeli mpaka zahanati, akaiegemeza ukutani, asimwambie mtu. Wanawake wa pale walimwamini kwa sababu alikuwa mwepesi, na aliona haya kuwaambia kwamba wepesi umekwisha. Aliyeuliza aliambiwa tairi halina upepo na pampu imepotea. Tangu hapo akawa anatembea kwa miguu.

Tatizo ni kwamba nyumba zilikuwa zimehama lakini mashamba hayakuhama. Wanawake walirudi kwenye mahame yao kupalilia ulezi na kuchimba mihogo, mwendo mrefu kutoka kijijini, na wajawazito walikwenda kama wengine. Mmoja wao alikuwa Wegesa, binti mrefu aliyependa kuimba akiwa kazini, mke wa mkulima aitwaye Waitara.

Siku hiyo Philomena alikuwa anachemsha sindano. Mama yake Waitara, bibi aitwaye Waisiko, aliingia zahanati akihema, kanga imemteleza.

"Sista! Wegesa anatoka damu! Yuko kule mji wa zamani, Waitara amebaki naye."

"Uchungu umeanza?"

"Uchungu, sijui. Damu ndiyo nyingi."

Philomena alichukua kisanduku chake, akatoka nje kutafuta mwanamume mwenye baiskeli wa kumpakia kwenye keria. Kijiji kilikuwa kitupu. Wanaume walikuwa shamba la ujamaa, upande wa pili kabisa, na lori lilikuwa limepeleka pamba Musoma.

Waisiko aliitazama baiskeli iliyoegemea ukuta. "Si hii hapa?"

"Mbovu, mama. Twende."

Walikwenda. Philomena alitembea akitazama miguu yake mwenyewe, na kila alipotaka kukimbia, maumivu yalimchoma kutoka shingoni mpaka kwenye kiwiko, akalazimika kusimama. Bibi alimtangulia, akamrudia, akamtangulia tena. Alikuwa analia bila sauti. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama walipoyaona mawe ya zizi la zamani.

Wegesa alikuwa amelazwa kwenye kivuli cha ghala lililobaki bila paa. Waitara alikuwa amemshikilia miguu, ameiinua juu, kama mtu aliyeambiwa zamani kwamba damu huzuiwa hivyo. Alikuwa bado anaishikilia. Philomena alipiga magoti, akaweka vidole shingoni mwa yule binti. Mwili ulikuwa na joto. Aliviacha vidole pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaweka mkono tumboni, na huko nako kulikuwa kimya.

"Mshushe miguu, baba," alisema.

Walimzika palepale kwenye mahame, mama na mtoto pamoja. Watu walipoanza kutawanyika, Waitara alikuja akasimama mbele ya Philomena.

"Mama anasema baiskeli ilikuwa ukutani."

"Ilikuwa ukutani."

"Anasema ulimwambia ni mbovu. Mimi nimekwenda kuitazama. Nimebonyeza matairi. Yamejaa."

Philomena aliona miguu ya Waitara tu, na udongo wa kaburi uliokuwa umeganda katikati ya vidole.

"Nitazame usoni ninaposema na wewe."

Alijaribu. Alishika mti wa uzio, akajivuta nyuma kwa kiuno, mwili mzima, mpaka akakaribia kuanguka chali. Aliona kidevu, aliona mdomo. Macho ya Waitara hakuyafikia.

"Mwisho wangu ni hapo," alisema. "Tangu siku ya lori. Baiskeli ile inataka mtu alale, ainue uso. Mimi siwezi kuinua. Nilianguka nayo, nikanyamaza, nikadanganya kuhusu tairi."

Wanawake waliokuwa karibu walijifanya wanakusanya majembe.

"Ungesema," alisema Waitara. "Ungesema, nisingemwacha aje huku. Tungejua kwamba hatuna Sista."

Akageuka, akaenda zake bila kungoja jibu.

Majuma yaliyofuata Philomena alifanya kazi zake akiwa kama mtu anayetembea majini. Aliwaambia wanawake wote ukweli wa shingo yake, akawasihi walio karibu kujifungua wasiende mahameni. Walimsikiliza kwa heshima, kisha wakaenda, kwa maana ulezi haujipalilii wenyewe.

Baada ya mavuno Waitara alitokea zahanati, amebeba baiskeli begani. Ilikuwa yake, nyeusi, nzito, ya kukaa wima kama zilivyo baiskeli zote za kazi, na fremu ilikuwa imekatika chini ya kiti. Nayo ilivunjika siku za malori. Aliiweka chini mbele ya mlango.

"Fremu imekufa," alisema. "Usukani mzima, kiti kizima. Mpelekee fundi, aifungie ile yako usukani huu, ukae umenyooka."

"Waitara, mimi—"

"Usinishukuru. Sikupi wewe. Kuna wengine wana mimba."

Akaondoka.

Philomena alizipeleka baiskeli zote mbili Mugumu kwa lori la pamba. Nyuma ya soko palikuwa na fundi aitwaye Maftah, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma iliyoingia grisi, ambaye baba yake alitoka Ujiji akafungua duka huku akafia huku.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Sista. Naona mmoja mzima na mmoja maiti."

Alimweleza. Maftah hakutania tena. Alimkalisha kwenye ile baiskeli ya Mzungu, akaishikilia isianguke, akamwambia aweke mikono hewani pale ambapo ingemfaa, mgongo ukiwa umenyooka na macho yakiona mlango wa duka la mbele. Mikono ilisimama juu sana, karibu na kifua. Usukani ulikuwa mbali huko chini.

Kwanza Maftah alijaribu kuupindua usukani uleule, pembe zikatazama juu. Haukusaidia, bado ulikuwa mbali naye. Akaanza kuufungua. Shingo ya usukani ilikuwa imeshikana kwa kutu, hivyo akaimwagia mafuta ya taa, wakangoja, akaigonga kwa nyundo akiwa ameweka kipande cha mti juu yake, mpaka ikalia na kuachia. Aliivuta juu kadiri ilivyoruhusu.

"Nikizidisha hapa itakuchomokea njiani," alisema.

Usukani wa Waitara ulikuwa mpana, umepinda kurudi nyuma kwa aliyekaa, na hilo lilikuwa jema, kwa sababu fremu ya Mzungu ilikuwa ndefu. Lakini katikati ulikuwa mwembamba kuliko kishikio cha baiskeli ya Mzungu. Maftah alikata ukanda wa bati kutoka kopo la maziwa, akauzungushia pale, akakaza nati mpaka usukani haukutikisika hata alipoukalia. Kiti cha Mzungu, chembamba na kigumu, alikitoa. "Sasa uzito wote utakuwa makalioni, siyo mikononi," alisema, akafunga kile cha Waitara chenye springi, akakishusha kidogo ili miguu ya Sista ifike chini anaposimama.

Breki ndizo zilizomkunja uso. Za baiskeli ya Waitara zilivutwa kwa vyuma, za Mzungu kwa waya, na waya sasa zilikuwa fupi kwa sababu usukani ulikuwa umepanda. Maftah alipekua rundo lake akapata mikono ya breki inayofaa. Waya hakupata. Siku zile hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni.

"Waya wa nyuma unafika mbele," alisema. "Wa mbele haufiki nyuma. Nikufungie breki moja, ya mbele?"

"Nifungie."

"Sikiliza basi, dada yangu. Kwenye mteremko usikamate ghafla. Ukikamata ghafla itakurusha juu ya usukani, na kwa shingo hiyo hutaamka. Teremka ukiwa unaibana pole pole tangu juu. Nikipata waya kwa watu wa Sirari, kule mpakani, nitakuletea."

Alipanda akazunguka uwanja wa soko. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya lori aliona mbele, vibanda, watu, mbuzi wakivuka njia, mpaka barabara inapopinda. Alitaka kufurahi. Alichofikiria ni kwamba kazi yote ile haikumaliza hata mchana mmoja.

Maftah aliupata waya miezi mingi baadaye, akaja nao mwenyewe Nyansurura. Kwa miaka ile baiskeli ya usukani wa Waitara ilifika kila pembe. Ilikuwa nzito zaidi dhidi ya upepo, kwa kuwa mtu aliyekaa wima hukinga upepo wote kifuani, na vilimani Philomena alishuka akasukuma. Lakini alifika. Wapo watoto wengi waliozaliwa mikononi mwake kwenye mahame, na wapo waliomfia akiwa amewahi kabisa, bila wa kulaumiwa.

Waitara hakuzoeana naye kamwe. Wakikutana njiani alisogea pembeni, akaitikia salamu, akatazama upande mwingine. Alioa tena. Mke mpya alipokaribia kujifungua, Waitara alimpandisha lori mapema akampeleka hospitali ya Mugumu, akakaa naye huko mpaka mtoto akazaliwa. Philomena alisikia habari hizo kwa wengine. Alisema vizuri, akaendelea kukunja bandeji.

Shingo haikupona. Kukaa wima kuliipumzisha, lakini kilichokuwa kimeumia ndani kiliendelea kuumia. Mwaka wa vita ya Uganda vidole vyake vilianza kufa ganzi, kwanza vya kushoto, kisha vyote. Alificha kidogo tu safari hii. Siku aliyobana breki mteremkoni asisikie kama ameibana, aliisimamisha baiskeli kwa kuiangusha majanini, akaisukuma mpaka zahanati, akamweleza mganga wa pale siku hiyohiyo. Baiskeli ilipewa muuguzi mwingine, msichana mrefu kutoka Tarime. Philomena akahamishiwa hospitali ya Mugumu, kwenye chumba cha wazazi, ambako kazi yake ilikuwa kuwaelekeza wengine kwa mdomo.

Alasiri moja mama mmoja kijana aliyetoka kujifungua alimnyooshea mtoto aliyefungwa ndani ya kanga.

"Mpokee, Sista, nimechoka. Mshike kidogo."

Philomena alinyoosha mikono, akaitazama, akairudisha mapajani.

"Mlaze hapo kitandani, mwanangu," alisema. "Nitakaa karibu naye."