Mkono Uliopima Mashua

Saa tatu asubuhi jua limeshakolea, na mwanamke wa miaka arobaini na saba amepiga magoti ndani ya mashua ambayo bado haijaonja maji. Mkono mmoja ameshika patasi butu, mwingine nyundo ya mbao. Anasokota uzi mnene wa pamba uliolowekwa mafuta, anaulaza kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, kisha anaugonga taratibu mpaka mwanya umeumeza wote. Akimaliza kipande, anafumba macho na kupitisha kidole gumba juu yake.

"Hapa ndipo kazi yangu ya siku zote inaponisaidia," anasema bila kuinua kichwa. "Mshono ni mshono. Wa sketi ukiachia, unaaibika. Wa mashua ukiachia, unaogelea."

Ni fundi cherehani. Shingoni ananing'iniza futi ya kitambaa ambayo imefifia namba za mwanzo kwa kushikwashikwa, na hiyo ndiyo iliyomletea jina analoitwa na kila mtu hapa, Mama Futi. Asubuhi yuko kwenye mashua. Mchana na jioni yuko barazani kwake, anapunguza suruali za watu. Suruali moja humpatia bei ya mkate mmoja, na zipo siku hapati hata ya kupunguza.

Mashua haijamlipa chochote. Hata hivyo, kwa miezi kumi na minne hajakosa siku, isipokuwa zile tatu alizouguza jino.

Jumamosi ijayo mashua hii inashushwa majini. Ni ya pili kuundwa na kikundi chao. Ya kwanza iliwaumbua mchana kweupe, na wanakikundi wamekubaliana kwamba hii nayo ikiinama, kila mtu achukue vifaa vyake arudi kwenye shughuli zake. Wenzake wanaogopa kuchekwa mara ya pili. Yeye anaogopa jambo jingine.

"Baba yangu alikuwa fundi wa mwisho wa mashua za mbao hapa," anasema. "Sitaki afe akijua kwamba kazi yake ilitangulia kufa."

Baba huyo ana miaka themanini na mbili, na watu humwita Fundi tu, bila nyongeza, kama vile fundi mwingine hajazaliwa. Enzi zake uwanja huu wa kuundia mashua ulijaa vumbi la mbao kutoka asubuhi hadi magharibi. Kisha zikaja boti za faiba kutoka viwandani, nyepesi, zinang'aa, hazidai kuzibwa mianya kwa kalafati kila mwaka. Wateja wakapungua mmoja mmoja. Mwishowe uwanja ukawa mahali pa kutupia magurudumu mabovu.

Miaka minne iliyopita Fundi alipatwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia ulikunjamana na haukukunjuka tena. Maneno nayo yakawa yanamtoka moja moja, tena kwa jasho, na akichoka hunyamaza siku nzima.

Lakini kuna kitu kiharusi hakikukigusa. Akilala mchana, midomo yake huhesabu. Binti yake alidhani anaweweseka, mpaka siku moja alipoinama karibu na kusikiliza: "Mkuku, shibiri thelathini na mbili. Taruma hadi taruma, shibiri mbili kasoro vidole viwili." Ilikuwa mashua nzima, kuanzia ule mkuku wa chini unaobeba kila kitu, kupitia mataruma ambayo ni mbavu zake, hadi ubao wa juu kabisa.

"Nilikimbia kutafuta kalamu," anasema. "Nikaandika nyuma ya kalenda. Nilikuwa naandika na kulia, nalia na kuandika."

Fundi hakuwahi kuchora wala kuandika mashua. Aliipima kwa shibiri, yaani umbali wa kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, mkono ukikunjuliwa. Sasa binti yake alikuwa na hesabu zote, akapita kwa majirani kutafuta watu. Walimcheka wapendavyo. "Wewe fundi cherehani utaunda mashua? Utaishona?" Yeye akawajibu kwamba ataishona na pindo ataikunjia.

Wakapatikana watu kumi na mmoja. Miongoni mwao yupo Seremala, ambaye maisha yake yote ametengeneza milango, na Mwashi, mtu mwenye viganja kama sinia na maneno mengi kuliko matofali yake. Wakaondoa magurudumu mabovu, wakatafuta mbao, wakaanza.

Kila mtu alipewa sehemu yake apime kwa shibiri kama kalenda ilivyosema. Mwashi akapima mataruma ya upande wa kulia. Mama Futi, mwenye vidole vifupi, akapima ya upande wa kushoto. Seremala akapima mbao. Kila mmoja alipima kwa uangalifu mkubwa, na kila mmoja alipima kwa mkono wake mwenyewe.

Je, hawakuona kwamba upande mmoja umenona kuliko mwingine? Mwashi anajikuna kisogo.

"Tuliona," anakiri. "Mimi niliona, Seremala aliona. Lakini nani aseme? Tulidhani ndiyo siri ya wazee. Tulidhani ikiingia majini itanyooka yenyewe."

Haikunyooka. Siku ya kuishusha, watu walijaa, na Fundi alisukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu hadi mbele kabisa. Mashua ilielea, hilo haliwezi kukanwa, ila iliinama kushoto kama mtu anayesikiliza siri ya jirani. Ikavutwa mbele, ikaenda kwa kusitasita. Mtu mmoja katika umati akasema, "Jamani, hii mashua inakwenda shingo upande." Basi likawa ndilo jina lake. Hadi leo Shingo Upande ipo pembeni mwa uwanja, imejazwa udongo na kuoteshwa mboga, na mboga zenyewe, lazima isemwe, zimestawi.

Watu walicheka mpaka wakachoka. Fundi hakucheka. Aliitazama mashua muda mrefu, akageuza uso, akatoa maneno mawili tu: "Mikono mingi."

Kila aliyesikia alielewa vilevile. Si wote wanajua kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama? Mzee alikuwa amewaambia wamejazana, hawana ufundi, wamemharibia kazi. Wanakikundi wawili waliona wametukanwa mbele ya watu, wakasusa. Fundi mwenyewe hakukanyaga tena uwanjani. Binti yake akimwambia twende, hufumba macho na kujifanya amelala.

"Nilijua kosa letu ni shibiri," anasema Mama Futi. "Hesabu ilikuwa ya baba, mkono haukuwa wa baba. Na mkono aliopimia baba ni wa kulia, haufunguki; wa kushoto haulingani nao. Nilikuwa naukanda kila jioni kwa maji ya moto, nikivuta kidole kimoja kimoja, mpaka siku moja aliniambia, 'Mama, unaniumiza.' Nikaacha. Nilijiona mshenzi, namtesa mzazi kwa ajili ya mbao."

Jibu alilipata akitandika kitanda.

Kitanda anacholalia Fundi alikitengeneza mwenyewe kabla ya kuoa. Marehemu mkewe alipenda kulisimulia hilo kwa majirani ili tu amwone mumewe akiona haya. "Huyu bwana," alikuwa akisema, "alikuja kwetu kuniposa kitanda kikiwa tayari. Shibiri tisa urefu, sita upana. Hajui kama nitamkubali, kitanda kashapima!" Watoto walikua na maneno hayo, wakayajua kama wanavyojua majina yao.

Mama Futi alisimama na shuka mkononi. Akavua futi shingoni. Urefu wa kitanda, sentimita mia mbili na saba. Akagawanya kwa tisa, akapata ishirini na tatu. Upana, mia moja thelathini na nane. Akagawanya kwa sita, ikaja ishirini na tatu ileile.

"Nilikaa chini sakafuni," anasema. "Miaka yote hiyo mkono wa baba ulikuwa chini ya godoro."

Akakata kijiti cha sentimita ishirini na tatu, akakilainisha kwa msasa, akakipeleka kwa wenzake. Wakakiita Mkono wa Mzee. Kwa mashua hii ya pili hakuna aliyeruhusiwa kupima kwa kitu kingine. Mwashi aliwahi kusahau akakunjua kiganja chake juu ya ubao, Seremala akamchapa nacho kidogo kwenye vidole, na tangu hapo, anasema Mwashi, huficha mikono mifukoni akipita karibu na mbao.

Mashua imekaa sawa. Simama mbele, simama nyuma, pande zote mbili zinajibizana. Kilichobaki ni kalafati, rangi, na mtu mmoja ambaye hajaja kuiona.

Siku ya mahojiano haya, yapata saa nne, kunasikika ukwaruzo wa magurudumu kwenye changarawe. Mwashi anasukuma kiti, anahema, na kwenye kiti ameketi Fundi, shati limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Nimemwambia kama haji kwa kiti nitamleta na kitanda chake," Mwashi anaeleza. "Akaniambia kitanda kizito. Basi nikajua amekubali."

Mama Futi anashuka mashuani, magoti yake yana vumbi la mbao. Anakisogeza kiti hadi ubavuni mwa mashua.

Fundi ananyoosha mkono wa kushoto, ule mzima. Anaugusa ubao, anatelezesha kiganja hadi kwenye kiungo, anarudi. Anaomba asogezwe. Anachungulia ndani, anayatazama mataruma moja baada ya jingine, midomo yake ikihesabu. Inachukua kama robo saa. Seremala amesahau kwamba ana msumari mdomoni.

"Nani kapima?" Fundi anauliza.

"Ni wewe, baba."

Mzee anamwangalia. Binti anachuchumaa, anamwonyesha kijiti, anamweleza habari ya kitanda, shibiri tisa kwa sita, maneno ya marehemu mama. Anaeleza haraka haraka kama mtoto anayetoa udhuru. Fundi anasikiliza, na kicheko kinamwanzia upande mmoja wa uso, hakifiki upande wa pili, lakini ni kicheko kamili.

"Kitanda," anasema. "Mama yako angecheka." Kisha anatikisa kichwa. "Mkono wowote."

Hakuna anayeelewa. Anajaribu tena, jasho linamtoka. "Mkono wowote, mama. Lakini mmoja."

Maneno yake yanakuja vipande vipande, na binti yake anayaunga kwa kumuuliza, naye anajibu ndiyo au siyo. Mashua haijali mkono mkubwa wala mdogo. Inachotaka ni mkono mmoja, tangu mkuku hadi ubao wa mwisho. Yeye mwenyewe alifundishwa na mjomba wake, jitu la mikono mirefu, na mashua ya kwanza aliyojiundia ilitoka ndogo kuliko za mjomba, lakini imenyooka. Zamani watu walikuwa wakiona mashua kwa mbali wanajua ni ya nani, kwa ukubwa wake tu. Siku ile ya Shingo Upande hakumtukana mtu. Aliona mikono mingi katika mashua moja, akaitaja, na alipotaka kuendelea ulimi ukagoma.

"Sasa mzee, wale wawili waliosusa?" anauliza Mwashi.

"Waiteni."

Mama Futi ameketi chini, mgongo kwenye ubao alioupiga kalafati asubuhi. Analia wazi wazi, hajifichi. Kwa miaka minne aliamini kwamba siku baba yake atakapozikwa, kipimo kitazikwa naye, na tangu apate kijiti, kwamba yeye amebaki kukilinda tu. Kumbe angeweza kuanza siku ileile aliyoandika kwenye kalenda.

Kuhusu Jumamosi, anasema sasa hana wasiwasi mkubwa, ingawa moyo hauachi kudunda. Wakishaishusha hii, wataanza ya tatu. Mti wa mkuku ameshauchagua, na amekwishamwambia Seremala aache milango kwa wiki mbili.

"Na kijiti?" anaulizwa.

Kabla hajajibu, Fundi anamshika kiganja kwa mkono wake mzima, anakiweka juu ya ubao, anavikunjua vidole vyake kimoja baada ya kingine, gumba huku, kidole kidogo kule, mpaka vimetanuka vyote.

"Ya tatu," anasema, "huu."

"Mkono wangu mfupi, baba. Mashua itakuwa ndogo."

"Ndogo," Fundi anakubali, bila kuuachia mkono wake. "Watu watajua ni yako."