Mkoba wa Swalha

Bi Fathiya aliingia kiwandani Shiling, mji wa mikoba kule China, akicheka, akatoka hajijui hajitambui. Mwaka huo, tisini na tisa, kibanda chake cha Nungwi kilikuwa hoi. Kilikaa mbele ya geti la hoteli, na kwa miaka kilimlisha yeye na bintiye Swalha kwa mikoba ya ufukweni aliyowauzia Waingereza. Sasa Waingereza walikuja wengi kuliko zamani, lakini kibandani hawafiki. Akajisemea dawa ni bidhaa mpya, na mfa maji haachi kutapatapa: akafunga tena safari ya China, sampuli mpya imo mfukoni.

Alipita penye meza ya wafungaji makasha, akachungulia, akaganda. Mikoba ya ukili! Ukili wenyewe wa plastiki, lakini bitana ya kanga ile ile, kifungo cha kifuu kile kile. Ni mkoba wake, sampuli aliyoiacha hapa mwaka jana alipokuja kuulizia bei.

"Astaghfirullah!"

Akaugeuza mmoja ndani nje. Kwenye bitana, kwa uzi mwekundu, pameshonwa jina: Swalha. Akachukua wa pili. Swalha. Wa tatu, vivyo hivyo. Ule wa asili alimshonea mwanawe wa kwendea chuoni, na siku ya safari ile ya mwaka jana, kwa kukosa mwingine wa sampuli, akaubeba huo huo.

"Maulid, muulize laoban. Hii mikoba ya nani?"

Maulid, Mzanzibari mwenzake aliyeishi Guangzhou na kumtafsiria, akamgeukia bosi. Laoban akajibu kwa bashasha, haoni kosa lolote. Kwake yeye, sampuli ikishatundikwa ukutani ni ya kila mteja.

"Ya kampuni ya utalii ya Uingereza, Bi Fathiya. Elfu nane. Anasema siku hizi Mwingereza hulipia kila kitu kwao kabla hajapanda ndege: kitanda, chakula, vinywaji. Hata mkoba wa ufukweni anapewa bure. Akishafika hana haja ya kutoka getini."

"Wanakwenda wapi hao?"

Maulid akainamisha macho. "Kwetu. Zanzibar."

"Na jina la mwanangu?"

"Anasema wao hawapunguzi kitu. Sampuli ilivyo ndivyo wanavyoshona."

Akakaa juu ya kasha. Kumbe bidhaa zake hazikuwa na ila yoyote! Jina la mwanawe litapita mara elfu nane mbele ya kibanda chake, ndani ya mabasi ya hoteli, na yeye hatakuwa ameuza hata mkoba mmoja. Alitaka kulia, machozi yakagoma.

Laoban akamletea chai. "Sampuli yako nzuri sana," Maulid akatafsiri. "Anauliza safari hii umeleta nini."

Bi Fathiya akaukumbatia mfuko wake.

"Meiyou," akasema. Hakuna. Ndilo neno alilojibiwa yeye madukani huku China tangu siku ya kwanza.

Kisha akainuka, akautungua ukutani mkoba wa ukili wa kweli, akaenda nao mlangoni. Hakuna aliyemzuia. Walishamaliza kuutumia.