Uso Ambao Bibi Hakuutambua

Nilipokuwa bado mtoto, huko tambarare chini ya Mlima Hanang, niliamini kwamba wafu wana vidole. Bibi ndiye aliyenifundisha. Yeye alikuwa kipofu, trakoma ilimaliza macho yake kabla sijazaliwa, na alitujua kwa kutupapasa. Nikitoka shule nikamwamkia, "Shikamoo bibi," aliitika marahaba huku mkono wake tayari uko usoni kwangu, ukitafuta kovu la kidevuni nililopata nilipoanguka zizini. "Waliotangulia nao hawana taa," alikuwa akisema. "Wanatutafuta hivi hivi." Nitakuwa mwongo nikisema sikuogopa. Mpaka leo upepo ukinigusa shavuni ghafla, nasimama.

Mama yangu alifariki akinizaa, kwa hiyo nililelewa na bibi pamoja na mdogo wake mama, ambaye nilimwita mama mdogo. Uso wake ulikuwa na chale kama wanawake wengi wa Kibarabaig wa rika lake: nukta ndogo zilizopangwa duara kuzunguka kila jicho. Alichanjwa akiwa msichana, na bibi, enzi hizo bado anaona, ndiye aliyemshika kichwa asitikisike. Mimi sikuchanjwa kwa sababu nilipelekwa shule. Jioni bibi alipenda kupitisha kidole kwenye zile nukta za binti yake, moja baada ya nyingine, bila haraka, kisha anasema, "Haya, umefika."

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Minada ilijaa mitumba, redio na krimu za kung'arisha uso, na wakubwa walibishana juu ya mkoa mpya wa Manyara, eti sasa sisi si watu wa Arusha tena. Mama mdogo alikuwa akipeleka maziwa mjini Katesh, na kila akirudi alipita shuleni kwangu kunipa kikombe kimoja alichonibakizia. Wenzangu wakaanza. "Mang'ati wa miwani huyoo!" Mang'ati ndilo jina walilotubandika sisi Wabarabaig, na miwani ni zile chale. Walicheka, nami nikatazama chini. Siku moja nikamsubiri nyumbani.

"Mama mdogo, usipite tena shuleni."

"Kuna nini?"

"Wananicheka. Kwa ajili ya macho yako."

Hakukasirika. Heri angenichapa. Alinitazama kidogo, akachukua kibuyu chake akaenda kukiosha.

Mnada uliofuata alirudi na chupa ndogo ya kahawia. Aliuziwa na mtu mgeni aliyetandika dawa zake chini, pembeni ya wauza viatu, akimwahidi kwamba baada ya wiki moja chale zote zitakuwa zimefutika. Mama mdogo huyu ninayemsema hakuwahi kununua mbuzi bila kumfungua kinywa, kumshika kiwele na kuuliza ametoka zizi la nani. Siku ile hakuuliza hata ndani ya chupa mna nini.

Bibi aliinusa, akaisukuma mbali.

"Ngozi si mtumba, uichoke uivue," alisema. "Ukizifuta hizo, wakija watakupita. Hata mimi nitakupita."

"Mama, wafu wana kazi zao," mama mdogo akajibu, akacheka. Nami nikacheka. Nilitaka sana zifutike.

Asubuhi yake alikaa nje na kioo, akachovya pamba, akazungushia jicho la kulia, kisha la kushoto. Akasogeza kioo karibu ajitazame. Halafu alipiga kelele ambayo sijaisikia kwa mtu wala kwa mnyama tangu siku ile. Nilikimbia na ndoo ya maji ya ndama nikammwagia usoni, na harufu iliyopanda ilikuwa ileile ya maji ya betri ya gari.

Majirani walituchangia nauli, tukapanda basi kwenda hospitali ya Haydom. Muuguzi aliyemsafisha vidonda alikuwa mama wa makamo, mpole, lakini hakuficha neno. "Dada, ungekuja kuuliza kwanza. Kuna alama daktari anaweza kuzipunguza, na kuna ambazo angekushauri uziache. Ila hayo mtu huyasikia kabla. Sasa mimi naokoa macho tu."

Macho yalipona. Ngozi iliyoyazunguka ikawa nene na ya kung'aa, na jicho la kushoto halikufumba tena sawasawa. Wenzangu shuleni hawakucheka tena. Waliogopa, na mimi nilimwogopa pia, nikajichukia kwa hilo.

Bibi hakumgusa uso tena. Alipokea chakula kutoka mikononi mwake, waliongea habari za ng'ombe na mvua, lakini jioni mkono wake ulibaki magotini. Masika ya pili baada ya hapo akaugua. Mchana mmoja wa jua kali alituita tuagane. Aliniwekea vidole kidevuni, akalipata kovu, akanibariki kwa jina langu. Mama mdogo akapiga magoti, akauchukua mkono ule yeye mwenyewe na kuuweka usoni pake.

Vidole vilizunguka jicho mara moja. Vikarudi, vikitafuta. Vikasimama.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, mama. Binti yako."

Bibi aliondoa mkono. "Sauti ya binti yangu," aliuliza, "umeipata wapi?"

Alikufa jua halijazama. Homa ilikuwa imemchanganya, najua. Mimi ni mtu mzima na nimesoma. Lakini mama mdogo hakusikia homa, alisikia lile onyo likitimia, na baada ya maziko hakukaa nyumba ile peke yake hata siku moja. Alisema wanaingia, wanapapasa, wanatoka.

Sasa ni mzee, anaishi kwangu. Kila asubuhi namtia matone kwenye lile jicho lisilofumba, nyuso zetu zikiwa karibu kabisa, na kwa miaka yote hiyo kuna neno nililikwepa. Mwezi uliopita nililisema. Nilimwambia kwamba uso wake ulikuwa mzuri, kwamba mimi ndiye nilikuwa na aibu, na kwamba ni mimi niliyemponza.

Alifuta tone lililomshuka shavuni.

"Nilijua ni maneno ya mtoto," akasema. "Heri ningengoja tu ukue."

Nilitoka nje nikalia, nikiwa na mvi za kwanza kichwani. Nilikuja kukua, kama watoto wote. Ni miaka michache tu ilikuwa imebaki, na hakuna hata mmoja wetu, si mimi, si bibi na maonyo yake yote, aliyemwambia asubiri.