Nilivyosingiziwa na mama mkwe kuziba choo cha kota, Tabora ya Mwingereza

Wakuu, marahaba.

Naitikia kabla hamjaniamkia, maana humu ndani sidhani kama yupo ninayepaswa kumpa shikamoo. Mjukuu kanifundisha kuandika kwenye simu, mtanivumilia. Haya yalinipata mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mwingereza alikuwa bado yupo. Nilitoka kwetu Ipole nikaolewa Tabora mjini na kijana karani. Tulikaa kota, sisi wawili na mama yake.

Kota zile zilikuwa na choo cha kuvuta. Kwetu choo ni shimo nyuma ya nyumba, kwa hiyo mwanzoni nilikuwa navuta mnyororo na kukimbia.

Maji machafu ya nyumba zote yalikwenda kwenye septiki moja, shimo lililojengewa na kufunikwa, halafu yakapotelea ardhini, upande wa bustani ya mchicha.

Sasa mama mkwe. Msafi wa kupitiliza! Hata kuku alimkagua miguu kabla hajamruhusu uani.

Mimi aliniona mtu wa porini. Nilikuja na kibuyu cha asali, baba yangu alikuwa mrina asali. Hakukigusa. Kikakaa uvunguni.

Baada ya muda kota ikaanza kunuka. Si mchezo. Maji meusi yakaibuka kwenye mchicha. Majirani wakauliza kuna nini, na mama mkwe jibu analo.

"Ni huyu. Kwao wanajisafisha kwa magunzi. Kayatupa chooni, kaziba."

Nililia sana. Magunzi ya mahindi kwetu tulitumia, ndiyo, sioni aibu. Lakini chooni mwake sikutupa hata moja.

Mume wangu akasema, "Mama, taratibu," akaenda zake kazini. Wanaume!

Mama akatangaza mbele ya majirani kwamba bwana afya akifungua septiki, likionekana gunzi, narudi Ipole. Nikafunga nguo zangu kwenye furushi kabisa. Nilijua hata likiwa gunzi la jirani, litakuwa langu.

Bwana afya akaja, Mwafrika mwenzetu, mtu mpole. Mfuniko ukafunuliwa, akakoroga kwa mti mrefu.

Hakuna gunzi.

Akainama akanusa. Jamani, kazi za watu!

"Mama, humu mnamwaga dawa ya kusafishia?"

Mama mkwe akajibu kwa kujivuna, "Namwaga mimi. Ile ya chupa, ukiitia maji inakuwa nyeupe. Asubuhi na jioni."

Bwana afya akaeleza kwamba mle ndani wamo wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, kazi yao ni kula uchafu. Dawa imewaua, uchafu umejaa, unatoka nje kama ulivyoingia.

"Yaani mimi nifuge wadudu chooni?"

Majirani wakacheka.

"Umeanza lini kumwaga nyingi hivi, mama?" bwana afya akauliza.

Akanitazama, akatazama chini.

"Tangu huyu aje."

Hapo hakucheka mtu.

Septiki ikazolewa, chupa ikapandishwa juu ya kabati, harufu ikaisha polepole. Samahani sikuipata. Wakati ule mama mkwe kumwomba radhi mke wa mwanawe ilikuwa haipo, na mimi sikuisubiri. Ila iliniuma, nisiwadanganye.

Asubuhi moja nachemsha mihogo, akaja akaketi karibu yangu jikoni.

"Ile asali ya baba yako bado ipo?"

Nikakitoa kibuyu uvunguni. Akachovya muhogo, akala, akachovya tena, akalamba na vidole.

Siku hiyo ndiyo nilifungua furushi langu la nguo.

Basi wakuu, wenye septiki acheni kumimina madawa kila siku, mnawaua wanaowafanyia kazi. Na mkiletewa mkwe, kaeni naye kwanza kabla hamjamnusa.

Nani mwingine humu alishawahi kufunga furushi kwa kosa lisilo lake? Mwageni hapa, bando ninalo.