Sufuria Lenye Masizi

Nilipokuwa mtoto niliua chemchemi. Ndivyo nilivyoamini miaka yote, na kijiji chetu kizima, mbele kidogo ya Buseresere, kiliamini vivyo hivyo.

Ilikuwa chemchemi ndogo tu, inatiririka hadi mtoni. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyeisimamia pamoja na akina mama wenzake. Pori lililoizunguka lilikuwa ngitili yao: hukati mti, wala huingizi ng'ombe mpaka kiangazi kikaze na wenyewe wakubali. Na pale kwenye jicho la maji palikuwa na mwiko. Usichote kwa chombo kilichokaa motoni. Chatu mwenye maji anachukia masizi. Akiyaona anahama, na maji yanamfuata.

"Kabula," bibi alizoea kuniambia akinikabidhi kibuyu, "chatu hadanganywi."

Nilikuwa na miaka minane. Siku hiyo mama alishikwa na homa kali, akawa analilia maji. Mtungini hamkuwa na tone, ndoo na kibuyu vimekwenda shambani. Nikanyakua sufuria la ugali, jeusi tii, nikakimbia. Nilijiambia nitalichovya kidogo tu. Kidogo kitu gani! Masizi yalitanda juu ya maji, nami nikatimua mbio nusu ya maji yakimwagikia miguuni.

Mama alipona. Ila kiangazi kile chemchemi ikaanza kupungua, hadi akina mama wakawa wanachota kwa kikombe. Chakula kikanishinda. Mwisho nikamfuata bibi jikoni, nikalia.

"Ni mimi, bibi. Ni lile sufuria."

Nilitegemea fimbo. Badala yake akanishika mkono, akanipeleka mbele ya wenzake, akasema, "Ni huyu mjukuu wangu." Wakaninyunyizia maji ya unga, nikapiga magoti kwenye tope nikamwomba chatu msamaha. Maji hayakurudi. Shuleni wakaniita Masizi, na jina hilo linaniuma mpaka leo, mcheke msicheke.

Baba wakati huo alikuwa na duara, shimo lake la dhahabu, machimboni. Kila alipokuja nyumbani alileta sukari na khanga za bibi. Sikuwahi kujiuliza matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za shimo zisiporomoke, yalitoka wapi. Mtoto atajuaje?

Mwaka juzi bibi aliugua, nikarudi kumuuguza. Baba alikuwa ameshafariki. Asubuhi moja bibi akaomba maji ya chemchemi. Nikampa ya bomba. Akayaonja, akayatema.

"Kabula, halikuwa sufuria."

"Unasema nini, bibi?"

"Baba yako aliikata ile miti mikubwa ya juu ya chemchemi, akaipeleka duarani. Nilimkuta na shoka mkononi, akanililia. Ni ng'wanone yule, ni mwanangu. Wangemfukuza kijijini. Halafu wewe ukaja mwenyewe, na sufuria lako." Akavuta pumzi. "Ulikuwa mtoto. Nilijua wewe watakusamehe."

Nilitoka nje nikakaa juani, nikalia kama nilivyolia siku ile jikoni. Nilimchukia, Mungu anisamehe. Siku mbili nilimlisha na kumwogesha bila kumsemesha, naye alikuwa ananifuata kwa macho tu. Siku ya tatu niliamka nimeazimia kumwambia yameisha, bibi. Nikamkuta mwili umeshapoa.

Sasa nami nimo kwenye kikundi cha kijiji cha kutunza bonde la mto. Tumepanda miti kule juu. Mingine imeliwa na ng'ombe, mingine imeanza kunipita kimo. Jicho la maji bado ni kavu. Wenzangu wananisifu kwa kujituma, na hakuna ninayemwambia ni miti ya nani ninayoilipa.

Juzi binti yangu alinikuta uani, nasugua sufuria kwa majivu na mchanga, kule chini panaposhika moto. Nafanya hivyo kila nikimaliza kupika.

"Mama, huko chini nani anaangalia? Si kesho litakuwa jeusi tena?"

Nilijua anasema kweli. Nikachota majivu mengine, nikaendelea kusugua.