Mtandio Kwenye Kengele

Leo jirani yangu hapa mtaa wa Shumaisi ameunguza mafuta jikoni, nami nikashika ukingo wa dirisha kana kwamba Riyadh nzima imeyumba.

Baba alikuwa fundi wa injini kwenye boti ya kuvuta meli, bandarini Jeddah. Boti zilikuwa mbili, na iliyotangulia kuifikia meli kule kwenye miamba ndiyo iliyopewa kazi. Siku hiyo nilimpelekea chakula gatini, wenzake wakifungua kamba.

"Nipe mtandio wako, mwanangu. Yalla!"

Nikampa. Akaufunga kwenye kengele ya injini, ile inayolia moto ukizidi, ili nahodha asisikie akapunguza mwendo. Akanikonyeza.

Walipowapita wale wa boti ya pili nilipiga makofi. Nilikuwa bado napiga makofi, boti ya Baba ilipopasuka.

Wapiga mbizi waliitoa kengele na mtandio ungali umefungwa. Mama aliutazama, kisha akanitazama mimi.

"Si wako huu?"

"Si wangu, Mama."

Akaufua mara tatu, akaupiga pasi. Siku ya khitma ya Baba akanivika.